Kezilahabi na Kipimo cha Shairi: Funzo kwa Watungaji wa Bara

Ni diwani chache za Kiswahili zilizozusha ubishi mkubwa kama Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa Nairobi na Heinemann mwaka 1974. Ubishi huo ulihusu jambo moja: je, utungo usiofuata vina wala mizani wastahili kuitwa shairi? Wanamapokeo walijibu la. Wanausasa walijibu ndiyo. Na kwa miaka mingi kurasa za majarida na kumbi za semina zilijaa hoja za pande zote mbili. Leo joto la mabishano hayo limepungua. Kezilahabi mwenyewe alifariki dunia tarehe 9 Januari 2020, na tungo zake zimekwisha kuingia katika mitaala ya vyuo.

Hata hivyo, swali aliloliacha lina sura nyingine kwa msomaji wa Lubumbashi. Dar es Salaam na Mombasa waliuliza shairi ni nini. Hapa swali ni hili: mtu ambaye Kiswahili si lugha ya mababu zake, na ambaye Kiswahili anachokisema nyumbani hukaripiwa darasani, ana haki gani ya kutunga kwa Kiswahili? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi ya Kezilahabi inalijibu swali hilo, ila si kwa namna inayodhaniwa na wengi. Kezilahabi hakukifuta kipimo cha shairi. Alikihamisha kutoka katika hesabu ya silabi na kukiweka katika pumzi, katika sintaksia na katika taswira. Uhamisho huo haumpunguzii mtunzi kazi, unamwongezea.

Maisha na mazingira

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kijiji cha Namagondo, kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kikerewe. Alisoma katika seminari ya Kikatoliki ya Nyegezi, karibu na Mwanza, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baada ya kufundisha katika shule za sekondari alirudi chuoni, na mwaka 1976 akapata shahada ya uzamili kwa tasnifu kuhusu Shaaban Robert kama mwandishi wa riwaya. Mwaka 1985 alitunukiwa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa tasnifu iliyochunguza falsafa ya Kiafrika na tatizo la ufasiri wa fasihi. Katika miaka ya 1990 alihamia Chuo Kikuu cha Botswana, ambako alifundisha kwa muda mrefu.

Wasomaji wengi walimfahamu kwanza kwa riwaya. Rosa Mistika (1971) ilipigwa marufuku kwa muda shuleni kwa sababu ya uwazi wake. Ikafuatwa na Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zikaja Nagona na Mzingile, riwaya mbili fupi zilizovunja utaratibu wa usimulizi uliozoeleka. Diwani zake ni tatu tu: Kichomi (1974), Karibu Ndani (1988) na Dhifa (2008). Ni kazi ya miaka thelathini na minne, nayo si nyingi kwa wingi wa kurasa.

Yafaa ikumbukwe pia kwamba Ukerewe hiyohiyo ndiyo iliyomtoa Aniceti Kitereza, ambaye alimaliza kuandika hadithi ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kitereza alipitisha kazi yake ya Kikerewe katika mlango wa Kiswahili ili isomwe. Kezilahabi alianza moja kwa moja kwa Kiswahili. Wote wawili walikuwa wageni waliopewa nyumba, na kila mmoja alipaswa kuamua atapanga vyombo vyake vipi humo ndani.

Ubishi wa mizani

Kanuni za ushairi wa mapokeo zinajulikana. Shairi la kawaida lina mishororo minne katika ubeti. Kila mshororo una mizani kumi na sita, nane katika ukwapi na nane katika utao. Vina vya kati na vya mwisho hupangwa kwa utaratibu maalumu. Utenzi una mizani nane katika kila kipande. Kanuni hizi zilielezwa kwa ufasaha na Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi, nacho kikawa msahafu wa watungaji wengi.

Katika utangulizi wa Kichomi, Kezilahabi alieleza kwamba mchango wake ni jaribio la kutumia lugha ya kawaida, ile ambayo watu huzungumza kila siku. Hoja hii ilipokewa na wapinzani wake kana kwamba ni kukiri udhaifu. Walisema kwamba mtu wa bara ameshindwa na mizani, sasa anataka kushindwa kwake kuitwe sanaa. Waliongeza kwamba mtindo huo ameuokota katika vitabu vya Wazungu alivyosomeshwa chuoni.

Shtaka la kwanza halina msingi katika historia. Mathias Mnyampala (1917–1969) alikuwa Mgogo wa Dodoma, mbali kabisa na pwani, naye alizimudu bahari za mapokeo hata akaiendeleza ngonjera. Kwa hiyo kuzaliwa bara hakumnyimi mtu mizani. Aliyeiacha aliiacha kwa hiari.

Lakini haki itendeke kwa upande wa pili pia. Baadhi ya wanausasa walidai kwamba umbo la mapokeo limechoka na haliwezi kubeba fikra mpya. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, inatosha kuukanusha usemi huo. Tungo zile ziliandikwa gerezani nchini Kenya, ambako mtunzi alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, nazo zimo ndani ya vina na mizani. Hakuna awezaye kuzisoma akasema kwamba umbo limeizuia fikra. Mwaka mmoja tu unaitenganisha Sauti ya Dhiki na Kichomi. Kiswahili kilipata wakati uleule washairi wawili wakubwa waliopingana katika fani, na kila mmoja akawa na sababu zake.

Kisa cha Wajapani

Mgogoro wa namna hii haukutokea Afrika ya Mashariki pekee. Wajapani walipitia jambo linalofanana nao mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Utungo wao mfupi uitwao haiku una mizani kumi na saba, iliyogawanywa katika sehemu tatu: tano, saba, tano. Kwa hesabu ya Kiswahili, haiku nzima inazidi mshororo mmoja wa shairi la kawaida kwa mizani moja tu. Mfanano haukomei hapo. Katika Kiswahili, m ya neno mtu huhesabiwa kuwa mizani kamili, ingawa haina irabu. Katika Kijapani pia n inayofunga silabi huhesabiwa peke yake. Lugha hizi mbili zisizo na undugu wowote zimeujenga ushairi wake juu ya hesabu ya vipande vidogo vya sauti, wala si juu ya mkazo.

Masaoka Shiki (1867–1902), aliyefariki kwa kifua kikuu kabla hajatimiza miaka thelathini na mitano, ndiye aliyeipa haiku jina hilo kama utungo unaojitegemea. Alithubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya tungo za Bashō, mzee aliyekuwa akiheshimiwa karibu kama mtakatifu, hazikuwa na thamani. Alimtaka mtunzi achore kwa maneno kile anachokiona kwa macho yake. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakuiacha hesabu ya kumi na saba. Ni baada ya kifo chake ndipo wanafunzi wake walipogawanyika: Takahama Kyoshi akaishikilia hesabu na neno la majira ya mwaka, Kawahigashi Hekigoto akaanza kuviacha.

Katika mkondo huo wa pili akatokea Taneda Santoka (1882–1940). Maisha yake yalikuwa ya huzuni: mama yake alijiua kwa kujitosa kisimani Santoka akiwa bado mtoto, kiwanda cha pombe cha familia kikafilisika, ndoa ikavunjika, ulevi ukamtawala. Mwaka 1925 alipokewa kuwa mtawa wa Kibuddha, kisha akatembea kwa miguu nchini mwake miaka mingi akiomba chakula na kutunga. Tungo zake hazina hesabu ya kumi na saba wala hazilazimiki kutaja majira. Lakini msomaji yeyote wa Kijapani hukubali kwamba ni haiku. Kwa nini? Kwa sababu Santoka aliacha hesabu bila kuacha ufupi, wala mkato ule unaoweka vitu viwili kando kwa kando na kumwachia msomaji auone uhusiano wake. Alivua vazi, mwili ukabaki.

Kisa hiki kinatupatia swali linalofaa kumwuliza Kezilahabi. Badala ya kuorodhesha alichoondoa, mhakiki anapaswa kutafuta kilichobaki.

Kipimo kilichohamishwa

Utungo uitwao "Kisu Mkononi", uliomo katika Kichomi, unafaa kuwa mfano. Msemaji wake anaona miaka ya maisha yake ikiibwa mmoja baada ya mwingine. Anajilinganisha na gurudumu lililoachiwa kwenye mteremko mkali, naye hajui mteremko huo utakoma wapi wala lini. Kisu kipo mkononi, na wazo la kujitoa uhai limo katika utungo mzima. Maudhui haya ni ya udhanaishi, nayo yana undugu wa karibu na Kichwamaji, riwaya ya mwaka huohuo ambamo mhusika Kazimoto anaishia kujiua.

Wahakiki wengi wameishia kwenye maudhui hayo. Lakini mwanaisimu atatazama mahali mistari inapokatika. Mapema katika utungo, vitendo ambavyo msemaji angetamani kuvifanya ili kujizuia vimetangulizwa, kimoja baada ya kingine. Kukiri kwamba hana uwezo wa kuvitenda kumecheleweshwa hadi mwanzo wa mstari unaofuata. Msomaji hufika mwisho wa mstari akiwa bado hana kitenzi kikuu. Sentensi yenyewe inaporomoka mteremkoni, nayo haipati pa kusimama mpaka igonge neno la kushindwa. Katika shairi la mapokeo jambo hili lisingewezekana kwa urahisi, kwa kuwa kila mshororo hutarajiwa kukamilisha fikra yake, na kina humpumzisha msikilizaji mahali palepale palipotarajiwa. Kezilahabi alihitaji mstari usiopumzisha. Umbo na maana vimefungamana hapo hata haviwezi kutenganishwa.

Hicho ndicho kipimo kipya. Hakihesabiki kwa vidole, lakini kipo: mstari hukatwa pale ambapo pumzi ya msemaji, sintaksia ya sentensi na mwendo wa taswira vinadai ukatwe. Ukiuhamisha mkato huo neno moja mbele au nyuma, utungo utaharibika, kama vile shairi la mapokeo linavyoharibika kwa kupunguzwa mizani moja.

Majina ya diwani zake tatu nayo yanasimulia safari moja. Kichomi ni maumivu yachomayo ubavuni; mwenye nayo hupumua kwa shida, naye huugua peke yake. Karibu Ndani ni sauti ya mwenye nyumba anayemfungulia mgeni. Dhifa ni chakula kilichoandaliwa kwa ajili ya wengi. Mtunzi alianza katika upweke wa mwili wake, akaufungua mlango, akaishia mezani pamoja na watu. Wakosoaji waliomshutumu kwamba anajifungia katika ubinafsi wa kifalsafa walikuwa wameisoma diwani ya kwanza tu.

Kasoro

Si kila utungo wa Kezilahabi unaufikia upeo huo. Zipo tungo ambamo mwanafalsafa anamtangulia mshairi: taswira imekwisha kuwekwa, nayo inatosha, lakini mtunzi anaongeza mistari ya kueleza maana yake. Santoka angeishia kwenye taswira. Kezilahabi, aliyekuwa mwalimu kwa kazi, wakati mwingine hakuweza kujizuia kufundisha.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Lugha ya kila siku aliyoitangaza katika Kichomi ni ya kila siku kwa nani? Kiswahili chake ni sanifu, chepesi na safi, kile cha ukumbi wa mihadhara na cha gazeti la Dar es Salaam. Si mazungumzo ya wavuvi wa Namagondo, ambao kwa kawaida wangesemezana kwa Kikerewe. Kwa hiyo ukawaida huo nao ni chaguo la kisanaa, uliojengwa kwa makusudi kama zilivyojengwa bahari za mapokeo. Kulitambua jambo hili hakumshushi hadhi. Kunatuzuia tu kuamini kwamba lugha ya kawaida huokotwa njiani bila jasho.

Lubumbashi

Hapa ndipo kazi ya Kezilahabi inapomhusu mwanafunzi wa Katanga. Kiswahili cha mji huu kilikuzwa na migodi. Elisabethville ilianzishwa mwaka 1910. Wafanyakazi wakaletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, nao wakahitaji lugha ya kuelewana. Kiswahili hicho kikawa lugha ya kambi, ya soko, na hatimaye lugha ya kwanza ya watoto. Kimebeba nyimbo za Mwenda Jean Bosco (1930–1990), aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, yaani Likasi ya sasa, mwaka 1952. Kimebeba michezo ya kuigiza ya kikundi cha Mufwankolo. Kimebeba historia ya mji iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Lugha iliyobeba wimbo, kicheko na historia haiwezi kuambiwa kwamba haina uwezo wa kubeba shairi.

Inadaiwa mara kwa mara kwamba matamshi ya hapa huharibu mizani. Dai hilo halisimami likichunguzwa. Neno mtoto lina mizani tatu. Mutoto, kama litamkwavyo mitaani Lubumbashi, lina tatu vilevile. Watoto ni tatu, na batoto ni tatu. Mtunzi wa Kenya au wa Kamalondo akitaka kutunga kwa mizani kumi na sita, lahaja yake haimzuii. Kwa hiyo asilichague shairi huru kama kimbilio la asiyejua kuhesabu. Achague kama Kezilahabi alivyochagua, akiwa anakijua anachokiacha.

Tena shairi huru lisidhaniwe kuwa ni jambo geni hapa. Ni kweli kwamba mwanafunzi wa Kongo hulikuta kwanza katika vitabu vya Kifaransa shuleni, na kwa sababu hiyo huliona kuwa la Ulaya. Lakini nyumbani kwake, ikiwa ukoo wake ni wa Kiluba, upo utungo wa kasala. Msanii wa kasala hutaja majina ya mababu na sifa zake, hurudia, hulia, hupandisha na kushusha sauti. Mstari wake hupimwa kwa pumzi na kwa jina, wala si kwa idadi ya silabi. Uchunguzi wa Clémentine Faïk-Nzuji juu ya kasala ulichapishwa hapahapa Lubumbashi mwaka 1974, mwaka uleule wa Kichomi. Vitabu hivyo viwili havikujuana. Mtu akivisoma pamoja ataona kwamba shutuma ya kuiga Wazungu ilitolewa kwa haraka: ushairi usiohesabu silabi ulikuwapo katika lugha za Kibantu kabla ya shule.

Liko onyo pia. Tangu mlango ulipofunguliwa, wengi wamepita humo bila mzigo wowote. Huandika sentensi ya nathari, huikata vipande, huipanga kwa wima, kisha huita kazi hiyo shairi. Mtunzi wa mapokeo anapokosea, kosa lake huonekana mara moja: mizani imepungua, kina kimepotea, na hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataligundua. Kosa la mtunzi wa shairi huru hujificha. Yeye hana wa kumsahihisha ila sikio lake, na sikio lisilolelewa kwa kusikiliza nyimbo, methali, kasala na tenzi za zamani halitamsaidia.

Kwa kuhitimisha, mchango wa Kezilahabi kwa mtungaji wa bara si ruhusa ya kutunga ovyo. Amemthibitishia kwamba Kiswahili kinaweza kupokea kipimo kilichotoka mahali pengine, mradi kipimo hicho kiwe cha kweli na kila mkato uwe na sababu. Yeye alikitafuta chake kati ya Ukerewe, seminari, falsafa na Dar es Salaam. Mtungaji wa Lubumbashi atakitafuta kati ya kambi za migodi, gitaa la Mwenda na kasala ya wazee. Bado hajatokea mwenye kukikamilisha, na nafasi hiyo i wazi kwa wale wanaoketi leo katika madarasa ya Kiswahili ya chuo hiki.